Unaona nini, mwanangu?



Leo nataka tuzungumze juu ya mchezo wa watoto. Usifunge gazeti. Najua Dominika unatarajia Injili, nayo itakuja, ila safari hii njia ya kuifikia inapitia kwenye simu ya mkononi.

Kama nyumbani kwako kuna mtoto au mjukuu wa miaka mitano hadi minane, bila shaka umekwisha kuombwa simu. Ukimpa, haupiti muda utasikia: “Bibi, nitafutie ufunguo, siuoni.” Unainama, unakuta kwenye kioo picha ya chumba kilichojaa vitu: viatu, vikombe, paka, mwavuli, saa ya ukutani, karoti, mipira. Chini ya picha vimepangwa vitu vichache: ufunguo, kijiko, kofia, kipepeo. Kazi ya mtoto ni kuvitafuta katika ile vurugu na kuvigusa kwa kidole. Akigusa penyewe, simu inatoa mlio mzuri, kile kitu kinatoweka na kufutwa kwenye orodha. Vikiisha vyote anapewa nyota na kufunguliwa chumba kingine. Hakuna bunduki, hakuna damu. Kwa wadogo hata maneno hayapo, ni picha tupu, na wala hakuna saa ya kumkimbiza. Akishindwa kabisa anagusa alama ya taa, na mchezo unamwonyesha kitu kilipo.

Mchezo huu niliuhubiri vibaya kanisani. Ndiyo maana leo ninauandikia.

Huku kwetu Lushoto, kuanzia Juni hadi Agosti, baridi ni kali na ukungu hushuka hadi mlangoni mwa kanisa. Dominika moja ya majira hayo nilisimama mbele ya waamini nikasema kwamba simu zinawaharibu watoto wetu macho na akili, na kwamba mzazi anayempa mtoto simu ili anyamaze amemkabidhi kwa mlezi asiyemfahamu. Watu waliitikia kwa vichwa. Wapo waliopiga makofi. Nilirudi sakristia nimeridhika na mahubiri yangu.

Aliyenisikiliza kuliko wote alikuwa bibi mmoja anayelea mjukuu wa miaka minane. Mama wa mtoto anafanya kazi Dar es Salaam. Hutuma fedha anapopata, na aliacha simu yake ya zamani ili aweze kumwona mwanawe kwa video jioni. Ni kwenye simu hiyo mtoto alikuwa akitafuta funguo na vipepeo. Alikuwa darasa la pili. Mwalimu alikuwa amemwita bibi mara mbili kumweleza kwamba mtoto hanakili kilichoandikwa ubaoni. Wenzake wanajaza ukurasa, yeye ana mistari miwili. Akiulizwa swali anatazama chini. Darasa lina watoto wengi na mwalimu ni mmoja, naye alisema kile alichokiona: mtoto huyu ni mzito, pengine ni mvivu. Akina mama wa Jumuiya walisema ni simu. Kisha Padre naye akasema ni simu. Bibi akaifungia sandukuni, na mtoto alipolia kuidai, akachapwa.

Miezi miwili ikapita. Daftari halikujaa.

Kabla sijasimulia yaliyofuata, niseme mambo mawili ambayo nilipaswa kuyakumbuka kabla ya kufungua kinywa siku ile.

La kwanza: kutafuta kilichofichwa ni mchezo wa zamani kuliko simu. Sisi tuliozaliwa kabla ya umeme kufika vijijini tulicheza kombolela mpaka giza likatufukuza. Usiku, tukiota moto, bibi alisema “Kitendawili!” nasi tukajibu “Tega!” Kitendawili ni nini kama si kitu kilichofichwa ndani ya maneno? Nyumba isiyo na mlango imo mbele yako kila asubuhi, unailisha familia, lakini mpaka uambiwe ni yai unahangaika. Na ukishindwa, hukuwa na alama ya taa ya kugusa. Ulitoa mji. Uliutaja mji mzuri kuliko yote unayoijua, bibi akaupokea, akajisifia kula na kunywa katika mji ule wakati wewe unalia wivu, ndipo akakupa jibu. Wazungu nao walikuwa na ya kwao. Jarida la watoto la Marekani liitwalo Highlights, lililoanza mwaka 1946, linajulikana hadi leo kwa picha zake zenye vitu vilivyofichwa. Mwaka 1987 mchoraji Mwingereza Martin Handford alitoa kitabu ambacho mtoto anamtafuta mtu mmoja, mwenye fulana ya mistari myekundu na myeupe, katikati ya umati mkubwa. Simu imekuja kuokota mchezo uliokuwepo.

La pili: mkoa wetu wa Tanga umewahi kuuonyesha ulimwengu kwamba mtoto na mashine si lazima wawe maadui. Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya shindano la kimataifa liitwalo Global Learning XPRIZE, ambalo majaribio yake yalifanyika hapa mkoani. Kwa miezi 15, watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 walitumia tableti zenye programu za Kiswahili, nyingi zikiwa na sura ya michezo, na vikawekwa vituo vya kuzichaji kwa umeme wa jua. Walitaka kujua kama mtoto asiye na mwalimu karibu anaweza kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Programu mbili, Kitkit School na onebillion, ziligawana zawadi ya dola milioni 10. Padre anayeishi katika mkoa huo huo hakupaswa kusimama na kusema simu ni shetani, kisha ikawa imetosha.

Sasa turudi kwa bibi na mjukuu wake.

Alhamisi moja bibi alikuja ofisini kuandikisha nia ya Misa ya kumwombea marehemu mumewe. Mjukuu alikuwa naye. Mazungumzo yakarefuka, mtoto akaanza kuchezea mihuri ya parokia, nami, mhubiri wa juzi, nikafanya kile kile nilichokikataza. Nikatoa simu yangu mfukoni nikampa anyamaze. Mpwa wangu alikuwa ameweka mchezo ule humo wakati wa likizo. Bibi alinitazama. Hakusema kitu.

Baada ya dakika chache nikausikia ule mlio mzuri, mara moja, mara mbili, mara kumi. Nikainuka, nikasimama nyuma yake. Ilikuwa picha ya jiko lenye vitu vingi ajabu, na yeye alikuwa akivichukua kama mtu anayechuma maharage. Kipepeo alichorwa juu ya pazia la maua. Mimi nilikuwa bado namtafuta wakati mtoto amekwisha kumgusa na kuhamia kwenye kijiko. Nikajiuliza: huyu ndiye yule mtoto mzito?

Kisha nikatazama jinsi alivyoishika simu. Ilikuwa karibu kugusa pua yake. Nikamwambia, “Isogeze mbali kidogo, mwanangu, utaumiza macho.” Akatii, akainyoosha hadi urefu wa mkono. Hapo mchezo ukafa. Kidole kikawa kinahangaika kioo kizima, kinagusa hapa, kinagusa pale, bila mlio wowote. Alipodhani nimeondoka akairudisha puani, na mlio ukaanza tena.

Wakati huo nje watoto wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza walikuwa wakipiga kelele kwenye ua wa kanisa. Walikuwa wameona kinyonga. Msomaji wa mbali, nikueleze kwamba vinyonga ni fahari ya milima yetu, ingawa wengi wetu tunawaogopa. Wapo wenye pembe puani, na wapo wa aina ambazo hazipatikani kokote duniani isipokuwa katika milima hii. Wageni huja kuwatafuta usiku kwa tochi katika msitu wa Magamba, kwa sababu kinyonga akilala rangi yake hufifia na tochi humwona kirahisi. Mchana ni kazi nyingine. Mchana anakuwa jani katikati ya majani, na anayemwona kwanza anajivunia wiki nzima.

Mtoto aliacha simu akakimbilia kwa wenzake. Nilimfuata hadi barazani. Wenzake walielekeza kidole, wakarudi nyuma, wakacheka. Naye akaelekeza kidole, akarudi nyuma, akacheka. Lakini kidole chake kilielekea kwenye tawi lisilokuwa na kitu.

Nilimwita, nikaingia naye kanisani. Kwenye nguzo iliyo karibu na kwaya tuna ubao wa nyimbo, wenye namba kubwa nyeupe ambazo hata wazee wangu wasio na miwani wanazisoma. Tulisimama kwenye benchi analokaa kila Dominika na bibi yake. Nikamwuliza ubao unataja nyimbo namba ngapi. Badala ya kutazama mbele, alinitazama mimi.

“Ubao upi, Baba Padre?”

Mtoto yule ameletwa katika kanisa lile tangu akiwa mgongoni. Nyimbo zetu anaziimba zote, nami nilikuwa nimewahi kumsifu kwa hilo. Kumbe alizishika kwa sikio. Miaka yote ile alikuwa haujui ubao, na sisi miaka yote ile tulikuwa hatumjui yeye.

Nilipotoka kumweleza bibi, alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema, “Baba, nimemchapa mtoto kwa kosa la macho.” Sikuwa na neno la kumfariji. Nilimwambia lililo kweli tu, kwamba fimbo ile tuliishika wawili.

Mama wa mtoto alituma nauli, Jumuiya ikachangia, mtoto akapelekwa kupimwa. Mtaalamu alieleza kwamba ni tatizo la kutoona mbali. Picha ya kitu cha mbali inaangukia mbele kidogo ya mahali pake ndani ya jicho, hivyo mtoto anaona kama ukungu, ilhali cha karibu anakiona vizuri kabisa. Halina uchawi wala laana. Dawa yake ni miwani. Mtaalamu aliongeza jambo ambalo halijanitoka. Alisema mtoto wa namna hii mara nyingi halalamiki, kwa sababu hajawahi kuazima macho ya mwenzake. Anadhani dunia ndivyo ilivyo kwa wote. Wenzake wanaponakili ubaoni, anadhani wanayajua maneno yale kwa sababu wao wana akili na yeye hana.

Fikiri juu ya hilo, mpendwa msomaji. Mtoto wa miaka minane amekaa darasani mwaka mzima akijihukumu kuwa mjinga, na sisi watu wazima, mmoja baada ya mwingine, tukaigonga mhuri hukumu yake.

Sasa tufungue Injili. Katika Luka sura ya 15 Yesu anatoa mifano mitatu ya vilivyopotea, na sisi mapadre tunapenda kuikimbilia ule wa mwana mpotevu. Wa katikati, aya ya 8 hadi ya 10, tunaupita haraka. Mwanamke ana sarafu kumi za fedha, anapoteza moja. Sarafu yenyewe ni drakma, karibu ujira wa siku moja wa kibarua. Anawasha taa, anafagia nyumba, anatafuta kwa bidii hadi anaiona, kisha anawaita rafiki na majirani wafurahi pamoja naye.

Linganisha vile vilivyopotea. Kondoo alitangatanga nyikani. Mwana aliomba urithi wake akaenda nchi ya mbali kwa miguu yake mwenyewe. Sarafu haikwenda popote. Ilipotea nyumbani. Haina dhambi, haikuasi, haijui hata kwamba imepotea. Iliponyoka mkononi mwa aliyekuwa akiitunza, na nyumba za maskini wa wakati ule, kama nyumba za zamani za wazee wetu huku milimani, zilikuwa na mwanga hafifu.

Wako watu wa namna hiyo katika familia zetu. Hawajatoroka, hawalewi, hawajaacha Kanisa. Wanakula mezani petu. Wamepotea chini ya mkeka wetu wenyewe. Kwa hao, mahubiri ya mwana mpotevu hayasaidii kitu. Ukimwambia sarafu itubu, unamsumbua mwenye kutubu kwingine, ambaye ni wewe mwenye nyumba.

Na tazama, mwanamke yule haigombezi sarafu. Kelele hazimo katika mfano ule. Mimi nilikuwa na kelele nyingi altareni, lakini taa sikuwasha. Taa kwetu ilikuwa jambo dogo sana: mtu mzima kusimama nyuma ya mtoto kwa dakika tano na kutazama anafanya nini.

Kuna Injili nyingine niliyoisoma upya baada ya tukio lile. Ni Marko sura ya 8, aya ya 22 hadi ya 26. Huko Bethsaida wanamletea Yesu kipofu. Bwana anamshika mkono, anamtoa nje ya kijiji, anampaka mate machoni, anamwekea mikono, kisha anamwuliza kama anaona kitu chochote. Yule mtu anajibu kwamba anaona watu, lakini wanafanana na miti inayotembea. Yesu anamwekea mikono tena, ndipo anaona kila kitu waziwazi.

Seminarini tulijadili sana kwa nini muujiza huu ulikuwa wa hatua mbili. Siku hizi kinachonishika ni lile swali. Mwana wa Mungu, anayejua yote, anamwuliza mgonjwa anaona nini, na anangoja jibu. Na yule mtu ana ujasiri wa kusema ukweli kwamba bado haoni vizuri, kwa sababu aliyemwuliza amemshika mkono. Hebu tujiulize mtoto wetu angekuwa na ujasiri huo kwa nani. Mwalimu alimwuliza kwa nini hunakili. Bibi alimwuliza kwa nini hufanani na wenzako. Mimi sikumwuliza hata kidogo, nilitangaza. Maswali yetu yote yalikuwa mashtaka. Hakuna aliyeuliza: unaona nini, mwanangu?

Rudi sasa kwenye ule mchezo. Mtoto akifungua chumba anapewa orodha. Ameambiwa atafute kofia, kwa hiyo ataiona kofia. Kwenye picha ile ile kuna paka mzuri amelala juu ya kabati, lakini paka hayumo kwenye orodha, kwa hiyo mtoto anampita mara ishirini bila kumwona. Sisi nasi tunatazamana hivyo. Kila mmoja wetu anatembea na orodha, na mara nyingi aliyeiandika ni mtu mwingine. Ukishaambiwa kijana fulani ni mvivu, utauona uvivu kila anapopumzika. Ukishaambiwa mkwe wako ana kiburi, hata ukimya wake utakuwa kiburi. Orodha tuliyopewa juu ya mtoto yule ilikuwa na maneno mawili, mzito na mvivu, nasi tukayapata yote mawili bila shida. Macho mabovu hayakuwamo kwenye orodha.

Milima yetu hii inalo somo lake. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa wilaya Tanga, alivutiwa na ua dogo la rangi ya zambarau linaloota kivulini, kwenye miamba yenye unyevu, huku kwetu Tanga na Usambara. Alilipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akaupa mmea ule jina la Saintpaulia. Leo mmea huo unawekwa madirishani katika nchi nyingi duniani. Yule mtu hakuliumba ua. Lilikuwa hapo muda wote, chini, kando ya njia ambazo watu walipita na mizigo yao. Kuliona kulihitaji mtu asimame na kuinama.

Je, nakwambia umpe mtoto simu kutwa nzima? Hapana. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto ambaye hajafikisha miaka miwili asiwekwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Wataalamu wa macho nao wanashauri watoto wapate muda wa kutosha wa kucheza nje kwenye mwanga wa jua. Tena gemu za bure si bure kweli. Katikati ya chumba na chumba huingia matangazo, mengine hayafai macho ya mtoto, na kuna vitufe vinavyoomba fedha. Nyingi kati ya gemu hizi zinachezeka hata ukizima intaneti, basi izime. Na meza ya chakula iwe meza ya chakula. Hayati Papa Fransisko katika Amoris Laetitia, waraka wa mwaka 2016 juu ya upendo katika familia, namba 278, alisikitikia familia ambazo wakati wa kula kila mmoja yumo kwenye simu yake.

Lakini usiishie hapo kama nilivyoishia mimi. Katika waraka huo huo, namba 261, Papa Fransisko aliwaeleza wazazi kwamba kumlinda na kumchunguza mtoto kila aendako hakutoshi. Swali kubwa si mwili wa mtoto uko wapi, bali yeye mwenyewe yuko wapi moyoni mwake, katika mawazo yake, hofu zake na matumaini yake. Bibi yule alijua mjukuu wake alipo kila saa ya siku. Ilivyokuwa ndani ya macho yake, hakujua.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja wiki hii. Mtoto wako akifungua mchezo wake, kaa naye robo saa. Usikae kama polisi. Tafuteni ufunguo pamoja. Utajua kama anaona mbali au karibu, kama anatofautisha rangi, kama anasikia ukimwita kwa sauti ndogo, kama anakata tamaa haraka na kwa nini. Ukimaliza, zima simu, nendeni nje mkatafute kinyonga. Na usiku, tega kitendawili. Mtoto akishindwa, akupe mji. Huenda ukagundua kwamba mji anaoutaja kila mara ni ule alioko mama yake.

Kwa walimu na makatekista nasema hivi: kabla ya kuandika mtoto ni mzito, mlete benchi la mbele kwa wiki mbili. Hakuna gharama. Na sisi mapadre, kabla ya kuhubiri juu ya watoto, tuwatazame kwanza.

Mimi nilipaswa kutengeneza pale nilipoharibu. Nilisimama mbele ya waamini wale wale, nikawaambia kwamba mahubiri yangu ya wakati wa baridi yalimwumiza mtoto mmoja, nikaomba msamaha bila kumtaja. Hakuna aliyepiga makofi safari hii. Baada ya Misa, wazazi watatu walinifuata, kila mmoja kwa wakati wake, kuniambia habari za mtoto wao.

Ukipenda kujua, mtoto yule hajawa wa kwanza darasani. Yuko katikati, na bado anatazama chini mtu mzima akimwita ghafla. Fimbo haifutiki kwa miwani. Lakini Dominika ya kwanza aliyokuja na miwani yake, nilikuwa nimekwisha kukaa baada ya mahubiri, kanisa likiwa kimya, ndipo sauti ndogo ikasikika kutoka kwenye benchi lao ikisoma namba tatu zilizoandikwa kwenye ubao, moja baada ya nyingine, kwa nguvu. Kanisa zima likageuka. Bibi akamziba mdomo kwa kanga yake, huku akicheka na kulia.

Katika mchezo wa simu, kitu kikipatikana hutoweka kwenye picha, na mtoto anahamia chumba kingine. Yule mwanamke wa Injili hakuhamia kokote. Aliishika sarafu yake mkononi, akawaita majirani. Nasi siku ile, baada ya Misa, tulikunywa chai ya tangawizi kwa bibi, kanisa karibu nusu, na mtoto alipita katikati yetu akitutazama usoni mmoja mmoja, kana kwamba ndiyo kwanza tumefika.

Nakutakia Dominika njema. Na usiku wa leo, kabla ya sala ya familia, mwulize mmoja wa watoto wako lile swali la Bethsaida, kisha ungoje jibu.